Programu huria: Nani atalipalilia shamba la Kiswahili?

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu Butere. Jioni moja mpwa wangu, kijana anayesomea ualimu, alinijia na kipakatalishi chake mkononi, uso wake ukiwa kama wa mtu aliyeanguka mtihani. Alikuwa akiandika insha ya Kiswahili, na ukurasa mzima ulikuwa umejaa mistari myekundu, ile ambayo mashine huipiga chini ya neno inalodhani limekosewa.

"Khotsa," aliniambia, yaani mjomba, "mashine inasema Kiswahili changu ni kibovu."

Niliitazama insha yake. Maneno "hawajatupikia", "tusipowaandalia" na "waliojuliana" yalikuwa yamepigiwa mstari, ilhali hakuna hata moja lililokuwa na kosa. Kilichonisikitisha zaidi ni kuwa kijana alikuwa ameshaanza kutii. Mahali pa "hawajatupikia" alikuwa ameandika "hawajapika kwa sisi". Mstari mwekundu ulitoweka, na Kiswahili nacho kikatoweka pamoja nao.

Nilimwambia kuwa aliyekosea si yeye bali ni mashine. Kisha ikanibidi niongeze jambo ambalo hakulitarajia, kwamba sehemu ya lawama hiyo ni yangu mimi. Tangu 2009 nimekuwa mmoja wa watu wachache wanaojitolea, usiku baada ya kazi, kuongeza maneno na kanuni za sarufi katika programu za kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Ikiwa programu hizo hazimjui "hawajatupikia", basi sisi ndio ambao hatujaifanya kazi ikatosha.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kazi hii ni ya namna gani, maana wengi huitumia kila siku bila kujua kwamba ipo.

Programu nyingi za tarakilishi ni mali ya kampuni. Mtumiaji hununua ruhusa ya kuzitumia, lakini haruhusiwi kuyaona maagizo yaliyoandikwa ndani yake, sembuse kuyarekebisha. Programu huria ni kinyume cha hayo. Mtungaji huitoa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuyasoma maagizo yake, kuyabadilisha, na kuwagawia wengine alichokibadilisha. Mnamo 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa nia hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, na maelfu ya watu wakaendelea kukijenga. Leo, simu ya mama mboga wa soko la Butere anayelipwa kwa M-Pesa, ikiwa ni ya Android, inaendeshwa na kiini hicho hicho.

Programu inayokagua tahajia katika LibreOffice, Firefox na hata Chrome inaitwa Hunspell. Jina lake linatokana na Hungaria, nchi ya mtungaji wake, László Németh. Aliitunga kwa sababu programu zilizokuwapo ziliundwa kwa kukifikiria Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hayabadiliki sana. Kihangari, kama Kiswahili, hupachika viambishi kwenye mzizi, kimoja baada ya kingine. Hebu tukitazame kitenzi "pika". Kwa nafsi sita na viambishi vinne tu vya njeo, -na-, -li-, -ta- na -me-, tunapata maumbo 24. Tukiongeza mtendwa wa nafsi nyingine tunapita mia moja. Hapo bado hatujakanusha, hatujatia virejeshi, wala hatujafika kwenye "pikia", "pikiana", "pikisha" na "pikwa". Hakuna awezaye kuyaorodhesha yote. Lililopo ni kuifundisha mashine kanuni, na kanuni za lugha yetu hazimo katika kichwa cha mhandisi wa California. Zimo katika vichwa vyetu.

Wapo Waafrika Mashariki waliolitambua hilo mapema. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hapa kwetu Kenya, Dkt. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alikuwa miongoni mwa walioandaa msamiati wa kukagua tahajia. Kabla yao, mwaka 1994, Martin Benjamin alikuwa ameanzisha katika Chuo Kikuu cha Yale kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyowakaribisha wasomaji kuchangia maneno. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Katika miaka hii ya 2020, watu wamekuwa wakijirekodi wakisoma sentensi za Kiswahili katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ili mashine zijifunze kuisikia sauti yetu. Kwa hiyo si kweli kwamba Kiswahili kimekosa waanzilishi. Waanzilishi tumewapata, tena hodari.

Tulichokikosa ni watu wa kubaki.

Programu si kitabu ambacho kikishapigwa chapa kimekwisha. LibreOffice, mathalan, hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, na kila toleo huja na vitufe vipya, ujumbe mpya na maonyo mapya yanayohitaji kutafsiriwa. Tafsiri iliyokamilika mwaka 2004 haibaki kamili. Asipokuwapo mtu wa kuishughulikia, Kiingereza hurudi polepole kama magugu, sentensi moja hapa na nyingine pale, hadi mtumiaji anachoka na mchanganyiko huo na kuirudisha mashine yake katika Kiingereza moja kwa moja. Fedha za wafadhili aghalabu huja kwa mwaka mmiwili, mitatu ikizidi. Huja na semina, fulana na picha ya pamoja. Zikiisha, wataalamu hutawanyika, na shamba hubaki bila mwenyewe.

Sisi Wakenya tunaijua tabia hii, kwa kuwa ndivyo tulivyoigeuza harambee. Siku ya mchango watu hujaa, mgeni mashuhuri hutangaza kiasi alichotoa, na vigelegele hupigwa. Ni nani hurudi baada ya miaka mitano kuitazama paa la darasa lile kama linavuja? Watu wa Butere tunao mfano mwingine mbele ya macho yetu. Reli itokayo Kisumu inakomea kwetu. Waliojenga reli hiyo enzi za ukoloni walifanya kazi kubwa, lakini kwa miaka mingi ilikaa bila gari moshi, nyasi zikaota katikati ya mataruma. Chuma hakikuwa kimeondoka. Kilichokuwa kimeondoka ni utunzaji.

Kazi yenyewe ya kuchangia haina fahari yoyote. Mchango wangu wa kwanza ulikuwa orodha ya maneno 300, nami niliutuma kwa majivuno ya mwanaisimu aliyekuwa akiandika tasnifu ya uzamifu. Baada ya siku nne nilirudishiwa na mtu nisiyewahi kuonana naye hadi leo, Mtanzania, aliyekuwa amelipitia kila neno. Zaidi ya hamsini aliyakataa. Mengine nilikuwa nimeyaendeleza visivyo, mengine yalikuwa ya Kenya tu nami sikuwa nimeonyesha hivyo, na mengine, ndugu msomaji, yalikuwa Kiluhya kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Nilikasirika kwa wiki nzima. Kisha nikayasahihisha na kuyatuma tena. Mwenzangu huyo amenifunza mengi kuhusu Kiswahili kuliko makongamano kadhaa niliyoyahudhuria kwa gharama kubwa.

Tumebishana pia kuhusu istilahi. Je, mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kile kifaa cha kuelekezea mshale kiitwe kipanya, kama wasemavyo Tanzania, au puku, kama wasemavyo baadhi ya walimu wetu? Mabishano ya aina hiyo huchukua miezi, na asiye na subira hujiondoa. Lakini wanaobaki hufikia mapatano, na mapatano hayo huonekana kwenye kioo cha mtu asiyejua kwamba kuliwahi kuwa na mabishano yoyote.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha iliundwa ili kuzipatia lahaja za Waluhya maandishi ya pamoja. Mmoja wa wahimili wake alikuwa Bi. Appleby, mmishonari wa C.M.S. aliyefanya kazi hapa hapa Butere. Alishirikiana na wenyeji, kuanzia neno hadi neno na lahaja hadi lahaja, kwa miaka na miaka. Biblia nzima katika Oluluyia ilitoka 1975. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni zaidi ya miaka thelathini tangu kamati kuanza. Kazi hiyo ilikuwa na dosari. Ilizitegemea sana lahaja za katikati, kama vile Oluwanga na Olumarama chetu, na jamii kama Abalogooli na Ababukusu hawakukubali kwamba lugha hiyo ni yao. Abalogooli walikuwa na Biblia yao tangu 1951. Nayataja haya kwa sababu yana mafunzo mawili kwa wachangiaji wa leo. La kwanza ni kuwa kazi ya lugha hupimwa kwa miongo. La pili ni kuwa asiyesikilizwa huondoka na lugha yake.

Sasa kuna hatari ambayo sina budi kuisema, hasa kwa wale wanaodhani kujitolea ni chemchemi isiyokauka. Mnamo Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu alikuwa ametia kwa siri mlango wa wizi ndani ya XZ Utils, programu huria ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Programu hiyo ilikuwa ikitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, kwa hiari yake, naye alikuwa amechoka. Mhalifu alijifanya msaidizi mwema, akatuma marekebisho ya kweli kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa ufunguo. Hila hiyo ilifichuka kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, alishangaa kuona kuingia kwenye mashine yake kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Dunia iliponea chupuchupu. Tukimwachia mtu mmoja mzigo wa wengi, hatumheshimu, bali tunamweka yeye na sisi wenyewe hatarini. Programu za Kiswahili zinazotegemea bidii ya watu watatu au wanne haziko salama, hata kama watu hao ni waaminifu kiasi gani. Wanaweza kuugua, kuzeeka, au kukata tamaa tu.

Najua swali litakaloulizwa: Kwa nini mwalimu wa chuo kikuu afanye kazi ya bure ambayo kampuni tajiri za ng'ambo zitaitumia kujinufaisha? Swali hili ni la haki, wala silipuuzi. Ni kweli kwamba maneno tunayoyaweka huru hutumiwa pia na wenye mabilioni, na katika enzi hii ya mashine zinazojifunza lugha, hamu yao ya maandishi yetu imeongezeka. Lakini tukilifungia shamba, hao wana uwezo wa kujilimia lao na kutuuzia mavuno. Atakayekosa ni mwalimu wa shule ya msingi asiyeweza kulipia leseni. Ninachokidai si kwamba tuache kutoa. Nadai kwamba anayevuna achangie palizi: kampuni zilipe wanaotunza, na serikali inayotumia fedha nyingi kununua leseni za kigeni itenge sehemu ndogo kwa programu ambazo wananchi wake wanaweza kuzifungua na kuzirekebisha.

Hata hivyo, lawama kubwa naielekeza nyumbani, yaani kwetu sisi wa vyuo vikuu. Miaka michache iliyopita niliomba kupandishwa cheo. Niliorodhesha makala zangu katika majarida, na chini yake nikaorodhesha kazi ya tahajia: maelfu ya maneno yaliyohakikiwa, kanuni za viambishi vya vitenzi, na tarehe za matoleo. Kamati, ambayo sitaitaja, iliniambia kwa upole kuwa hiyo ni huduma kwa jamii, ikaiweka pamoja na kuhudhuria siku ya kupanda miti. Makala yangu moja kuhusu viambishi hivyo hivyo, ambayo huenda imesomwa na watu ishirini, ilipewa alama nyingi kuliko kanuni zenyewe zinazofanya kazi kwenye mashine za watu nisioweza kuwahesabu. Sikulalamika siku ile, lakini nalalamika leo, si kwa ajili yangu. Wanafunzi wangu wawili wa uzamili walikuwa wameanza kuchangia kwa bidii. Waliposikia yaliyonipata waliacha, nami sikuwa na hoja ya kuwazuia. Wana karo ya kulipa na vyeo vya kutafuta.

Na kwamba vyuo vyetu vinaweza kufanya kazi hii ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho hakiko mbali na Butere, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kukusanya Kencorpus, hazina ya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya yenye takriban maneno milioni 5.6 ya maandishi na saa 177 za sauti. Wasomi hao waliitoa wazi ili watafiti wengine waitumie. Kwa upande wa Kiluhya walichukua lahaja tatu: Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Olumarama, kile ambacho mama yangu hunisemesha nikifika mlangoni, hakimo. Siwalaumu hata kidogo. Wao wameanza, na kwa kuwa hazina iko wazi, hakuna anayetuzuia sisi wa Butere kuiongeza lahaja yetu. Walioizoea hadithi ya kamati ya zamani wataona kinaya chake: lahaja iliyokuwa katikati ya maandishi ya jana haimo katika hazina hiyo ya leo.

Basi tufanye nini? Kwanza, vyuo vikuu vibadilishe vigezo vya kupandisha vyeo ili kamusi huria, kanuni za tahajia na hazina za lugha zipimwe na wataalamu kama inavyopimwa makala, kisha zihesabiwe. Pili, kila idara ya Kiswahili na isimu itwae programu moja, moja tu, na kuitunza kwa miaka kumi, wanafunzi wakipokezana kama wakimbiaji wa kijiti, ili anapoondoka mmoja mwingine awe ameshafunzwa. Tatu, walimu na wanahabari wanaokutana na mstari mwekundu chini ya neno sahihi wasinyamaze. Waliandike neno hilo na kulituma. Haihitaji shahada ya tarakilishi, inahitaji kuijua lugha.

Kuna methali isemayo bandu bandu huisha gogo. Katika Kiswahili bandu ni kipande kidogo kilichobanduliwa, lakini kwa lugha ya kwetu abandu ni watu. Kila nikiisikia methali hiyo, masikio yangu ya Butere huongeza maana ya pili ambayo wahenga wa pwani hawakuikusudia: gogo hili huishia mikononi mwa watu, mmoja baada ya mwingine.

Jioni ile nilimkalisha mpwa wangu tukatunga kanuni ya "hawajatupikia". Kisha akaniuliza kama orodha yetu inalijua neno "mrenda", mboga anayoila karibu kila siku. Tulitazama, halikuwamo. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimelikumbuka. Aliandika maneno kumi na mawili ya mboga na vyombo vya jikoni, akayatuma kwa jina lake mwenyewe. Wiki iliyofuata tisa yalipokelewa na matatu yakakataliwa, na mojawapo, kama ilivyokuwa kwangu enzi zile, lilikuwa Kiluhya kilichovaa kanzu. Alinipigia simu akiwa na hasira, akitaka niingilie kati. Nilikataa.

Mwezi uliopita nilipofungua kazi za kuhakiki niliikuta orodha yake ya pili. Ina maneno arobaini, na safari hii ameonyesha yapi ni ya Kenya pekee. Laiti chuo chake kingelijua kwamba anastahili kupewa alama!